Mashimo Manne ya Kendu Bay

Wiki iliyopita Chacha alinipigia simu. Chacha ndiye aliyeshika usukani wangu nilipostaafu, Mkuria mwenye mkono mzuri na haraka nyingi. Alitaka nimweleze kwa kifupi kwa nini hospitali iliponiuliza lori jipya liwe la aina gani, niliandika two-wheel, ilhali mimi mwenyewe ndiye niliyelilia four-wheel miaka ile.

"Mzee, si kwa ubaya," akasema, "lakini madereva huku wanasema ulizeeka ukaanza kuogopa matope."

Nikamwambia jambo hilo halina kifupi, nitamwandikia. Basi nimeandika, na mkiona ni ndefu mlaumuni yeye aliyeuliza.

Kwa ninyi ambao hamkunikuta kazini, nilikuwa dereva wa lori la eksirei la hospitali moja ya kanisa hapa Migori. Ni lori lenye sanduku kubwa la bati mgongoni, na ndani ya sanduku mna mashine ya kupiga picha za kifua na jenereta ya kuiendesha. Tulizunguka kutoka Ogwedhi mpakani na Narok hadi Kendu Bay kule ziwani, tukitafuta kifua kikuu kwa watu ambao hospitali wangeingia wakiwa wamebebwa tu. Kila kituo tulikifikia mara moja kwa miezi mitatu. Ukiikosa siku yako unasubiri miezi mitatu mingine, na kikohozi nacho kinaendelea na kazi yake.

Sisi madereva tuna majina mafupi. Two-wheel ni lori linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Four-wheel ni lile ambalo hata ya mbele yanavuta. Nimeyaendesha yote mawili njia zile zile, na yote mawili yameniaibisha, kila moja kwa namna yake.

Siku yangu ya kwanza nilifika kazini na viatu vipya vyeusi nilivyovipiga rangi mpaka vikang'aa. Aliyenipokea ni Mzee Ogutu, dereva mkuu, mtu mfupi aliyezungumza polepole kana kwamba kila neno lazima kwanza lipate gia. Lori lake lilikuwa two-wheel kuukuu. Tukaondoka, na tulipofika kwenye bonde lenye udongo mweusi akalisimamisha, akazima injini.

"Vua viatu," akaniambia.

Nikadhani anatania. Hakuwa akitania. Nikavua, nikakunja suruali, nikaingia kwenye tope.

"Unasikia nini?"

"Baridi, Mzee."

"Chini ya baridi?"

Nikakanyaga zaidi. "Hapa pagumu. Pale panazama."

"Basi tairi itapita hapo pagumu. Weka vijiti nione."

Nikaweka vijiti kama mtu anayepima shamba, naye akalipitisha lori katikati yake taratibu, bila kukanyaga mafuta hata mara moja zaidi ya ilivyohitajika. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi. Mzee Ogutu alinifundisha kwamba uzito wa mashine na jenereta juu ya ekseli ya nyuma ni rafiki wa two-wheel, maana unayakandamiza matairi yanayosukuma. Alinifundisha kupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani, na kuurudisha kwa pampu ya mguu huku watu wakikucheka. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na jembe lenye mpini uliolainishwa na viganja vyake, na alilitunza kuliko redio. Akishalitumia alilifuta udongo, akalilaza mahali pake, ndipo aondoe gari.

Nilimpenda yule mzee. Nasema wazi kwa sababu wakati wake sikumwambia.

Lakini kuna matope ambayo miguu mitupu haiyawezi. Ogwedhi ni kituo cha soko la mifugo, na sisi tulikwenda siku ya soko, maana siku hiyo wafugaji, wakulima na wachuuzi wote wako mahali pamoja. Msimu mmoja wa mvua lori letu lilizama karibu kabisa na mji, mahali ambapo tuliwasikia mbuzi wa sokoni wakilia. Tulichimba, tukatandika mawe na matawi, Mzee akauzungusha usukani huku na huku. Trekta lilipokuja kutuvuta, soko lilikuwa limevunjika na watu wamekwenda na ng'ombe wao. Mhudumu wa kituo alitukabidhi orodha ya waliotungoja tangu asubuhi. Miezi mitatu baadaye tulifika kavu kabisa, tukaanza na orodha ile. Jina la tatu lilikuwa la mchungaji mmoja wa ng'ombe. Tukaliita mara mbili. Mtu kwenye foleni akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba huyo tayari walimzika.

Mzee Ogutu alikaa kwenye ngazi ya lori akavua kofia. Mimi nilijiapia siku ile kwamba tope halitanizuia tena.

Kwa hiyo Mzee alipostaafu na lori lake likawa limechoka, hospitali ikaniita na kuniuliza tununue la namna gani, nilikuwa na jibu kabla hawajamaliza swali. Niliandika ukurasa mzima. Niliandika kuhusu Ogwedhi na udongo mweusi, na kuhusu mchungaji yule. Niliwajulisha kwamba four-wheel inakula mafuta zaidi, ni nzito zaidi na inapinda kona kwa shida, lakini inafika. Neno "inafika" nililipigia mstari chini.

Kabla ya kuupeleka ukurasa ule nilikwenda Uriri nyumbani kwa Mzee Ogutu nimwonyeshe. Aliusoma kwa makini, kidole kikifuata mistari. Halafu akaniuliza swali moja tu.

"Ngazi umeipima?"

"Ngazi gani, Mzee?"

"Ya kupandia watu."

Nikamjibu kwamba ngazi ni kazi ya fundi. Moyoni nikasema kustaafu kumemwingia mzee wangu kichwani. Akanirudishia karatasi, akamwita mkewe alete chai.

Lori jipya lilikuja refu, jeupe, na matairi ambayo ukisimama kando yake yanakufika kiunoni. Ah, niliringa! Safari ya kwanza ya Ogwedhi mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Pale pale tulipozama zamani palikuwa na malori mawili ya ng'ombe yamekwama, madereva wake wamekaa juu ya boneti wakila mahindi. Nikavuta kile kigingi cha pili cha gia, magurudumu ya mbele yakashika, tukawapita. Niliwapigia honi, jambo ambalo Mzee Ogutu asingelifanya. Tulipiga picha za watu wengi siku ile, na wengine tuliwagundua mapema wakapona. Hilo silikani hata leo. Kwa Ogwedhi ya miaka ile four-wheel lilikuwa jibu sahihi.

Niliporudi nililitundika jembe la Mzee stoo. Nilimwambia mlinzi wa stoo kwamba gari hili halihitaji jembe.

Sasa nije kwenye ngazi. Four-wheel hukaa juu, maana chini yake kuna difu ya kuzungusha magurudumu ya mbele na vyuma vingine vinavyotaka nafasi. Sanduku letu lilipowekwa juu ya lile lori, mlango ulikwenda angani. Ngazi ya nyuma ilikuwa ya vidato vitano vilivyosimama wima, na kidato cha kwanza kilinifika pajani, mimi mtu mzima mwenye afya. Fundi aliongeza kidato chini, kikang'oka kwenye mawe safari ya pili. Karakana ikaahidi ngazi ya kukunja. Nimestaafu ahadi ingali nzima.

Tukabuni njia yetu. Mimi nilisimama mlangoni juu nikivuta mikono, na mhudumu wa kijiji alisimama chini akisukuma. Tuliwapandisha watu hivyo, wazee kwa vijana, tukicheka nao, tukidhani tunasaidia. Wapo waliofika chini ya ngazi, wakatazama juu, wakashika kifua, wakasema watarudi kesho. Kesho yetu ilikuwa miezi mitatu. Madam Moraa, mpiga picha wetu, aliandika mbele ya majina yao: hakufika. Mimi nilimwona kila mmoja wao akifika.

Ikaja Alhamisi moja ya kiangazi huko Kendu Bay. Tuliegesha kwenye uwanja wa kituo cha afya, foleni ikawa ndefu, jua kali. Nilikuwa juu mlangoni kama kawaida, nikivuta mtu, nikimpokeza Moraa, nikiinama tena kuvuta mwingine. Nikainama na mikono yangu miwili mbele, nikaona leso ninayoijua. Nikainua macho. Alikuwa mama mzaa mke wangu.

Ninyi vijana siku hizi mnawakumbatia mama wakwe zenu mbele ya kamera za harusi. Mimi nilioa Kijaluo. Maro, yaani mama mkwe, humgusi. Humpi mkono, humpiti karibu kwenye njia nyembamba, hukai naye kiti kimoja. Si kwamba hampendani. Ndiyo heshima yenyewe. Tangu nimwoe binti yake, mimi na yule mama tulikuwa tumesalimiana kwa mbali tu, kila mmoja akitazama upande, na tulipendana sana kwa namna hiyo.

Alirudisha mikono yake haraka kama aliyegusa chungu cha moto.

"Ora," akasema, ndivyo mama anavyomwita mkwe wake. "Kumbe ni wewe."

Niliruka chini kwa mlango wa pembeni, nikaenda kusimama mbali. Alikuwa amekonda. Mke wangu hakujua. Baadaye tuliambiwa kwamba alikuwa amekohoa miezi miwili, akawa anaficha, akapanda boda boda peke yake kuja kwetu kwa sababu alisikia vipimo ni vya bure na vya siri. Alijaribu kupanda mwenyewe. Kidato cha kwanza alikipata kwa goti, cha pili pumzi ikakatika, akashuka akishikilia chuma. Mhudumu wa kijiji akataka kumsukuma, akamkatalia. Wanawake wawili wakajitolea.

"Hapana, wanangu," akasema kwa Kijaluo, na nilisikia kila neno kutoka nilipokuwa. "Sitapakiwa kama gunia mkwe wangu akitazama. Nitakuja siku nyingine."

Akaanza kuelekea barabarani kungoja boda boda, akisimama kila hatua kumi kukohoa. Mimi nilikuwa nimekisikia kikohozi kile miaka yote ya kazi yangu. Nilijua siku nyingine ni baada ya miezi mitatu. Nilimkumbuka mchungaji wa Ogwedhi na jina lake lililoitwa mara mbili. Lori lilikuwa limefika, mgonjwa amefika, na baina yao kulikuwa na ukurasa nilioandika mimi.

Nilimwendea Moraa nikamwambia ashuke akamzuie yule mama, amwombe angoje saa mbili, amwambie mkwe wake atakwenda mbali.

"Saa mbili za nini, Mzee? Watu wote hawa wako line, na hiyo jenereta inakunywa mafuta bure."

"Izime. Nataka kulizika lori."

Alinitazama kama anayetafuta homa usoni mwangu. Mimi nikaenda kwa mlinzi wa kituo kuazima jembe. Langu, yaani la Mzee Ogutu, lilikuwa Migori likining'inia ukutani, na hapo ndipo aibu iliponishika barabara.

Nilipima mahali mbele ya kila gurudumu, nikaanza kuchimba. Udongo mweusi wakati wa kiangazi ni simenti. Wanaume waliokuwa wamesindikiza wagonjwa wakanitazama kwanza, wakacheka, halafu mmoja akavua shati akaenda kutafuta sururu. Wenye kifua tuliwakataza wasishike kitu. Tulichimba mashimo manne yenye kina cha goti, kila moja likiwa na mteremko upande wa kuingilia, kama josho la ng'ombe. Kwa nini manne na si mawili ya nyuma tu? Kwa sababu mashine ya eksirei haitaki kulala upande. Moraa alipoelewa ninachofanya alipanda ndani akaweka pimamaji sakafuni, akawa ananiamuru kupitia dirishani.

"Mbele kushoto ongeza kidogo! Hapo! Ongeza, Mzee, unaona huruma ya nini?"

Nikaingia ndani ya lori, gia ya kwanza, nikaliteremsha pole pole. Lori refu jeupe likazama mbele ya watu wote, kwa makusudi, kwa mkono wa dereva wake mwenyewe. Kama madereva wale wa Ogwedhi wangekuwepo, wangenipigia honi nyingi. Niliposhuka, kidato cha kwanza kilikuwa chini ya goti langu na ngazi yote ilionekana ya watu.

Nikamwambia Moraa amwite mama. Mimi nikaondoka, nikazunguka nyuma ya jiko la kituo, nikasimama nikitazama ukuta, maana hata kumwona akipanda haikufaa. Lakini masikio yangu niliyaacha wazi. Dereva wa lori la eksirei hujua kwa sauti. Jenereta hunguruma sawasawa, na mashine inapopiga picha huvuta umeme wote kwa mara moja, jenereta ikashuka sauti kidogo kisha ikapanda tena. Nilisimama pale nikiomba kama mtu aliye kanisani. Jenereta ikawashwa. Ikanguruma. Ikanguruma sana, nikaona ameshindwa. Halafu ikashuka, ikapanda.

Nililia nyuma ya jiko la kituo cha afya, na mpishi akaniuliza kama ni moshi. Nikamwambia ni moshi.

Siku ile hakuna aliyeandikwa hakufika. Na jioni, kila mtu alipokwisha kuhudumiwa, nikavuta kigingi cha pili, magurudumu manne yakashika kwa pamoja, na lori likainuka kutoka mashimoni kama ng'ombe anayeamka, magoti ya nyuma kwanza. Two-wheel lingelala pale mpaka trekta lije. Nguvu zote zile niliziombea Ogwedhi, kumbe nilikuja kuzihitaji kutoka kwenye shimo nililochimba mwenyewe.

Mama alikutwa na ugonjwa, lakini mapema. Alimeza dawa miezi yote aliyoambiwa, akapona. Mke wangu alipopata habari alinikodolea macho. "Yaani wewe umemchimbia mama yangu shimo?" Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia.

Nilikwenda Uriri kumweleza Mzee Ogutu. Alisikiliza yote bila kunikatiza, wala hakunikumbusha swali lake, nami nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Jembe lilikuwa la nani?" akauliza.

"La mlinzi wa kituo."

"Na langu liko wapi?"

"Stoo, Mzee."

"Litoe," akasema. Nikalitoa, na halikushuka tena kwenye lori mpaka siku yangu ya mwisho. Kila kituo chenye wagonjwa wasioweza kupanda tulichimba. Lakini Kendu Bay hatukuchimba tena, maana kila tulipofika tulikuta mashimo manne yamezolewa takataka, kingo zimechongwa, yanatungoja. Mhudumu wa kijiji alisema ni mama mmoja anayekuja siku moja kabla na jembe lake. Hatukuuliza ni nani.

Miaka ikapita hivyo. Sasa barabara nyingi tulizozamia zimewekwa murramu ngumu au lami, na malori ya ng'ombe yanakwenda Ogwedhi dereva akiongea na simu, jambo ambalo Chacha nakukataza. Lori jeupe likachoka kama mimi. Hospitali iliponiuliza mara hii sikuandika ukurasa. Nilikwenda na futi kamba kwa wauzaji, nikapima kutoka ardhini hadi kidato cha kwanza. Two-wheel, sakafu ya chini, vidato vitatu, cha kwanza chini ya goti. Matope yaliyobaki mtavua viatu. Basi, Chacha, hilo ndilo jibu, na kama ni woga basi waambie wenzako nilianza kuogopa Alhamisi ile.

Lakini lilibaki jambo moja. Two-wheel likiingia kwenye mashimo ya Kendu Bay halitoki. Kwa hiyo safari yangu ya mwisho, tulipomaliza kazi, niliwaambia akina Moraa wapumzike, nikachukua jembe la Mzee Ogutu nikaanza kufukia. Nilikuwa kwenye shimo la pili nilipomwona mama mkwe amesimama upande wa pili wa uwanja, amezeeka, leso kichwani, jembe mkononi. Alikuwa amekuja kuyatazama mashimo yake.

"Ora," akaniita kwa mbali, akitazama upande, "unatufungia njia?"

"Linalokuja ni fupi, Mama," nikajibu nikitazama upande wangu. "Mtapanda wenyewe."

"Hata mimi?"

"Wewe ndiye niliyekupimia."

Akaja mpaka shimo la nne, lile la nyuma kulia, akaanza kuvuta udongo kwa jembe lake. Mimi nikaendelea na lile la mbele kushoto. Tulifukia hivyo, kila mtu kwenye kona yake, urefu wa lori zima kati yetu, na udongo ulipojaa tukashindilia kwa miguu, yeye kule na mimi huku, bila viatu.